Kurudisha bodi ya data loga bila kufungia chumvi ndani, kwa sisi wa Lamu

Kama loga yako, kile kidude kinachopima na kujiandikia vipimo chenyewe, iliingia maji ukaifungua ukatoa bodi, na sasa iko mezani hujui uanzie wapi kuirudisha, haya maelezo ni yako. Naandika nikiwa na loga za huku kwetu kichwani, zile za boksi la plastiki la kijivu lenye skrubu nne pembeni, ndani bodi moja ya kijani, betri, na waya za sensa zinatokea chini kwenye glandi, vile viziba vinavyobana waya maji yasipite. Zinapima joto, unyevu wa hewa, nyingine zinapima na kina cha maji. Kila kampuni ina mtindo wake lakini kazi haibadiliki sana.

Kuirudisha bodi mahali pake ni dakika kumi tu. Kinachotumaliza sisi ni chumvi. Hapa Lamu hewa yenyewe ina chumvi, kusi ikivuma unalamba mdomo unaisikia, na chumvi ikitulia kwenye bodi inavuta maji kutoka hewani hata kama mvua haijanyesha, alafu yale maji ya chumvi yanapitisha umeme baina ya pini na pini, kidogokidogo, mpaka shaba inaota ukijani na betri inaisha kabla ya siku zake. Na ubaya zaidi ni kwamba loga haifi hapohapo, inaendelea kuandika namba, ila namba ni za uongo. Mtu anazichukua anazifanyia kazi.

Nikupe kisa kimoja maana ndo kilichonifunza mengi ya hapa. Nilikua na loga nimeifunga kwenye mti pembeni ya mikoko upande wa Matondoni. Wiki tatu ikapima sawasawa, wiki ya nne unyevu ukapanda mpaka 100 ukakaa hapohapo mchana na usiku, hata saa nane mchana jua kali la kuchoma utosi. Nilipoifungua nikakuta maji kwenye pembe ya boksi na ukijani kwenye pini tatu za soketi ya betri. Nikatoa ule mpira unaozunguka kifuniko, oringi, nikauangalia kwa lenzi, nikaona unywele mmoja wa punda umelala juu ya mpira kutoka ndani kwenda nje. Mmoja tu. Loga niliipeleka ndani ya shogi la punda na nilifungua kifuniko kule kule kuangalia betri, unywele ukaingia. Pale ulipopita, mpira haukukaa vizuri na ukawa kama mfereji, maji yakafuata. Tangu siku hio sifungi boksi bila kupitisha kidole mpira wote mzunguko mzima.

Haya tuanze. Kabla hujagusa chochote, kama bodi bado inawaka, shusha data yote kwenye laptopu kwanza. Kwenye loga nyingi data zinakaa kwenye memori isiyohitaji umeme kwa hivo ukitoa betri hazipotei, lakini saa ya ndani ndo inapotea, na wewe usijiamini, shusha. Alafu piga picha kwa simu: waya gani imeingia wapi, rangi gani upande gani, ule mkanda bapa wa waya ambao mafundi wa simu wanauita fleksi umekunjwa vipi. Piga picha tano sita karibu na mwangaza mzuri. Kama bodi ilishatolewa na mtu mwingine na hakupiga picha, tafuta maandishi madogo meupe kwenye bodi yenyewe, alama ya kujumlisha na kutoa zipo pale, na pini ya kwanza mara nyingi imewekewa namba 1 au pembetatu ndogo au pedi yake ni ya mraba wakati zingine ni za duara.

Kusafisha sasa, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Watu wanakimbilia spiriti moja kwa moja, lakini chumvi haiyeyuki vizuri kwenye spiriti, inayeyuka kwenye maji. Kwa hivo kwanza ni maji, ila yawe maji yaliyotolewa madini, sio ya mfereji wala ya kisima cha Shela hata yawe matamu vipi. Haya maji yanauzwa petroli stesheni na maduka ya spea kwa ajili ya kujazia betri za gari, lakini soma chupa vizuri maana pembeni yake wanaweka na asidi ya betri na chupa zinafanana, ukichanganya umeiua bodi na vidole vyako. Toa betri zote ikiwemo ile ndogo ya duara ya saa, alafu chukua mswaki laini mpya, chovya, sugua pole pole kwenye pini, kwenye miguu ya ic, vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi, chini ya soketi, sehemu zote zenye ukijani au unga mweupe. Mwagia maji safi tena. Ndo uje sasa na spiriti ya isopropili, ile ya asilimia 90 kwenda juu, kazi yake ni kuyafukuza yale maji yaliyobaki chini ya vitu ili yakauke upesi. Spiriti ya kawaida ya dukani ya kusafishia vidonda ina maji mengi na nyingine zimetiwa mafuta, zinaacha utando, iache.

Sensa ya unyevu usiiguse kwa hizo dawa. Ni kile kidude kidogo chenye kitundu au kiwavu cheupe, ndani yake kuna utando mwembamba unaonyonya unyevu, na spiriti ikiingia pale inaharibu vipimo kwa siku nyingi au moja kwa moja. Kama imekaa kwenye bodi yenyewe na haitoki, ifunike kwa kipande cha selotepu upande wa kitundu wakati unasafisha alafu ukumbuke kuitoa, na usipulize kwa mdomo.

Kukausha, usiweke kwenye mchele, mchele una vumbi na wanga, unaingia kwenye soketi. Usiweke juani pia juu ya bati. Mie natumia mkebe wa maziwa ya unga wenye kifuniko cha kubana, chini natia silika jeli, zile punje zinazokaa kwenye pakiti ndogo ndani ya maboksi ya viatu, juu natandika kitambaa cha pamba, bodi juu yake, nafunga siku nzima na usiku wake. Ukipata silika ya rangi ni bora, ile ya machungwa inageuka kijani ikishashiba maji, ya buluu inageuka waridi. Ikishashiba unaikaanga kwenye sufuria kavu moto mdogo ukikoroga mpaka rangi yake irudi, usizidishe moto ikaungua, na usikaange zile za pakiti na karatasi zake.

Wakati bodi inakauka pima boksi likiwa tupu. Hatua hii watu wanairuka na ndo inayookoa kuliko zote. Tia tishu kavu ndani, ziba tundu za glandi na vipande vya waya vya unene uleule, funga kifuniko na skrubu zake zote, fungia jiwe, zamisha kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu. Hewa ya ndani ikipata joto inatanuka, kama kuna tundu utaona povu zinapanda mojamoja mahali hapohapo. Povu mbili tatu za mwanzo zilizoshika nje ya boksi sio kitu, angalia zile zinazoendelea. Acha mpaka asubuhi alafu fungua, tishu ikiwa kavu boksi liko sawa, ikiwa na unyevu hata kidogo usirudishe bodi yako mle, tafuta kosa kwanza.

Kosa mara nyingi ni oringi. Itoe kwa kitu kisicho na ncha, kijiti cha mshikaki kinafaa, bisibisi inakwaruza mfereji. Ivute kidogo uiangalie: mikwaruzo, bapa upande mmoja, mipasuko midogo kama ya kisigino cha kiangazi. Ikiwa bapa ibadilishe, oringi haina bei kubwa. Futa mfereji wake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, mchanga wa Shela ni laini kama unga na unajificha kwenye kona. Alafu paka grisi ya silikoni kidogo sana, ing'ae tu, isifanye uvimbe. Kama oringi yenyewe ni ya silikoni grisi hio haiifai, inaifanya ivimbe. Na tafadhali usipake mafuta ya nazi, nimeona, yanaharibika yananata na yanashika vumbi.

Kuna jengine la kuziba nalitaja hapa maana nimelikuta kwenye loga tatu za watu tofauti. Wanaziba glandi na silikoni ya madirisha, ile ukiifungua inanuka siki. Ile harufu ni asidi, inatoka wakati inaganda, na ikiwa imefungiwa ndani ya boksi pamoja na bodi inakula shaba. Kuna silikoni isiyonuka siki, imeandikwa nyutro kwenye tyubu, tafuta hio.

Sasa bodi. Osha mikono ikauke, jasho nalo ni chumvi. Kama bodi ilikua kwenye chumba cha AC iache nje ya AC ikiwa imefungwa kwenye mkebe nusu saa kabla ya kuifungua, ukiifungua baridi hewa ya Lamu inaifanyia umande palepale. Kuhusu ile chaji ya mwilini inayoua bodi, unyevu wetu unatusaidia kuliko watu wa bara lakini isikudanganye, shika bomba la chuma linaloingia ardhini kabla hujaishika, usikae juu ya zulia la nailoni, na bodi ishike pembeni usiweke vidole kwenye pini. Ukiwa na ule mkanda wa mkononi wenye waya wa kutoa chaji vaa.

Kabla ya kuitia angalia vijiguu vya shaba vinavyoibeba vyote vinne vipo na vimekaza, maana mara nyingi kimoja kinatoka na skrubu kinabaki nyuma ya bodi bila mtu kujua, na kikiangukia kwenye bodi ni shoti. Ishushe bodi taratibu ukitangulizia upande wenye soketi ya nje, ile ya yuesbii, iingie kwenye tundu lake kwenye ukuta wa boksi, alafu ndo ulaze upande wa pili. Isikae kwa kulazimishwa. Ikiwa inainuka kama chombo kilichopakiwa upande mmoja, basi kuna waya chini yake, inyanyue uangalie. Waya uliobanwa chini ya bodi leo unapima vizuri, baada ya mwezi ganda limekatika.

Skrubu zote nne zianze kwanza kwa mkono bila kukaza. Kama zinaingia kwenye plastiki kuna njia ya kulinda uzi wa zamani: izungushe kinyume kwanza pole pole mpaka usikie imeshuka kidogo, tak, hapo imekaa kwenye mfereji wake, ndo sasa uizungushe kukaza. Usipofanya hivo kila mara unakata uzi mpya na baada ya kufungua mara tatu nne plastiki imeshakua unga. Kaza kwa mshazari, ya juu kulia, ya chini kushoto, alafu zile mbili, na nguvu ya vidole viwili tu. Bodi ikijipinda, risasi za vitu vidogo zinapasuka na huwezi kuziona kwa macho.

Fleksi inataka subira. Soketi yake ina kilimi kidogo cheusi au cha rangi ya maziwa, kingine kinanyanyuka juu kama mlango, kingine kinavutwa nje milimita moja au mbili tu, usikivute kikatoka kabisa. Kifungue, angalia upande wenye mistari ya shaba unatazama wapi kwenye picha zako, ingiza fleksi moja kwa moja isiende kombo, mpaka ule mstari mweupe uliochorwa juu yake uwe sambamba na mdomo wa soketi, alafu funga kilimi kwa kucha pande zote mbili kwa pamoja. Ivute kidogo sana kuhakikisha. Ikiwa imeingia kombo hata kidogo skrini itaonyesha nusu ya herufi au haitawaka, sio kwamba bodi imekufa, usianze kulia, fungua uingize upya.

Waya za sensa zirudishe kwa picha, sio kwa kukumbuka. Na kama unatoa bodi ya loga moja unaitia kwenye nyingine ya aina ileile, jua kwamba kwenye nyingi namba za kukalibreti, yaani za kusahihisha vipimo, zimehifadhiwa kwenye bodi au kwenye sensa yenyewe, kwa hivo ukichanganya vipimo vitaachana na ukweli kidogo na hutajua. Andika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko bodi hii imetoka wapi na lini.

Betri ni ya mwisho daima. Ipime kwa mita kwanza. Ile ya duara ya saa, CR2032, ikiwa mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo, chini ya 2.8 mie siipeleki porini. Zile za lithiamu za volti 3.6 zenye umbo la betri ya tochi sio sawa na za tochi za 1.5 ingawa zinaingia mahali palepale, soma kilichoandikwa kwenye boksi. Hakikisha kujumlisha na kutoa mara mbili, betri ikiingia kinyume kwenye loga isiyo na kinga umeanza upya.

Iwashe ikiwa wazi bado mezani, usifunge. Kwanza saa. Weka saa za Afrika Mashariki, masaa matatu mbele ya saa ya dunia, na hapa nakusihi: sisi tukisema saa mbili asubuhi mashine inasema 8. Nilipewa daftari la mtu aliyekua akiandika saa za kutembelea loga kwa Kiswahili na data yenyewe iko kwa saa za mashine, tofauti ya masaa sita, mchana ukawa usiku na maji kujaa yakawa maji kupwa. Amueni mtaandika saa gani na muandike hivo kila siku.

Alafu ijaribu loga kama inasema kweli. Sensa ya joto yenye waya isiyoingia maji, itie kwenye gilasi ya barafu iliyopondwa na maji matamu kidogo, ukikoroga, baada ya dakika kumi isome karibu na sifuri. Unyevu unapimwa kwa chumvi, naipenda sana njia hii: chukua chumvi ya mezani, hii yetu ya Gongoni inafaa, tia kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama mchanga wa pwani uliolowa, isielee maji. Weka ndani ya mkebe wa kufunga kabisa pamoja na sensa bila kugusana, funga, usiku kucha mahali pasipo jua. Hewa ya mle ndani inatulia kwenye unyevu wa asilimia 75, joto liwe 25 au 30 haibadiliki sana. Ikisoma 73 mpaka 77 nashukuru naendelea. Ikisoma 90 sensa imelewa chumvi au spiriti, usiipeleke popote.

Kuna mzee hapa Mkomani ana misahafu na barua za babu zake kwenye kidaka cha nyumba ya mawe, tulimwekea loga pale maana unyevu ukikaa juu ya 65 au 70 siku nyingi karatasi zinaota kuvu. Loga ile ilikua inasoma 58, tukawa tumetulia. Nilipoijaribu kwa chumvi ikasoma 61 mahali pa 75. Misahafu ilikua kwenye unyevu wa sabini na kitu muda wote ule na sisi tunamwambia shwari. Aliniuliza tu, "Mwanangu, sasa hii ya leo ni kweli?" Ndo maana sikubali kuruka usiku ule mmoja wa chumvi.

Kama ina sensa ya kina, ishushe kwenye pipa la maji mita moja, ongezeko la presha liwe karibu kilopaskali 10, ukiishusha nusu mita liwe nusu yake.

Yote yakiwa sawa weka kipimo kila dakika 15, ni mara 96 kwa siku, inatosha kabisa kwa hewa na maji. Tia silika iliyokaangwa upya, dakika ileile kabla ya kufunga sio saa moja kabla. Pitisha kidole kwenye oringi mzunguko mzima, kifuniko kishuke wima, skrubu kwa mshazari. Ukiifunga porini glandi zitazame chini, na waya uache ulegee ushuke chini ya glandi kisha upande, mvua itateremka na waya idondokee pale chini badala ya kuingia ndani. Ukiisafirisha kwa punda ifunge ndani ya mfuko wa plastiki na usiifungue njiani.

Rudi baada ya siku saba, na ikiwa inapima maji rudi baada ya bamvua ya kwanza. Shusha data, angalia maji yamejaa mara mbili kwa siku na kila kesho yamechelewa kama dakika 50, angalia unyevu unashuka mchana na kupanda alfajiri. Chungulia silika kwenye kioo cha kifuniko kama kipo. Ikiwa bado ni ya machungwa usifungue boksi, iache ifanye kazi.